Je, Ni Haki Kumtoza Mtu kwa Sababu Amepungukiwa?



Kijana mmoja aliyekulia katika parokia yetu hapa Uvira, na ambaye leo ni baba wa nyumba huko London, ametuletea barua ndefu. Anasema binti yake amefungua konti yake ya kwanza katika banki, na walipokuwa wakisoma masharti pamoja, alikumbuka jambo lililompata yeye mwenyewe mwaka 2008. Mwaka ule baba yake mdogo alikufa hapa kwetu. Kijana, kama mnavyoijua desturi, alituma feza yote aliyokuwa nayo kwa ajili ya sanduku, gari na chakula cha matanga. Alisahau kwamba katika juma lile lile banki ingetoa malipo ya simu yake. Siku ilipofika, konti ilipungukiwa paundi 6. Banki ililipa ile simu, kisha ikamtoza paundi 35 kwa kuwa alipita mpaka bila ruhusa. Mshahara wake uliingia siku nne baadaye.

Anatuuliza hivi: yeye aliiba paundi 6, ama aliibiwa 35? Anaongeza, kwa ukali kidogo, kwamba hapa nyumbani tunawalaani watu wa Banki Lambert, lakini wale wanaofanya kazi ile ile na kravati shingoni tunawaita mabwana.

Tumekaa na barua hii majuma matatu, na hatukuona vema kuijibu kwa haraka.

Tueleze kwanza neno lenyewe, kwani wengi wetu hawana konti. Wazee wanakumbuka Desemba 1979, Serikali ilipofuta noti za zaire 5 na 10, watu wakabaki na makaratasi mikononi. Wanakumbuka tena mwaka 1993, zaire milioni 3 zilipogeuka kuwa zaire mpya 1. Baada ya hayo, nani angekimbilia kuweka akiba yake katika banki? Lakini tangu mwaka 2011, Serikali ilipoanza kuwalipa watumishi wake kwa njia ya banki, walimu na wauguzi wamelazimika kuwa na konti, hata kama siku ya mshahara wanasimama mstarini, wanatoa yote na kurudi nyumbani. Basi dekuveri ni hivi: konti yako ina franka 20,000, unadaiwa 25,000, banki inakubali kulipa yote, na zile 5,000 zinakuwa deni lako. Juu ya deni hilo banki inataka kitu. Kile kitu cha juu ndicho tunachokipima leo.

Na Banki Lambert, kwa mtoto asiyeijua, haina jengo wala karani. Ni mtu wa mtaa wako mwenye feza. Anakukopesha dola 100, na mwisho wa mwezi anaweza kutaka hata 150.

Tuanze kwa kuitetea banki, kwani mtu asiyekuwapo anastahili msemaji. Feza iliyo katika banki ni ya watu: mjane aliyeuza shamba, mfanyabiashara anayengoja mzigo. Kama kila mtu akipita mpaka wake na asirudishe, ni mjane yule atakayepotea. Tena, kijana wetu alipewa karatasi, akatia sahihi. Hakuna aliyemlazimisha. Na sisi wenyewe tunafundisha watoto kwamba dawa ya deni ni kulipa. Wako ndugu wanaosema kwamba faida yoyote juu ya mkopo ni zambi, na wanatuonyesha Kutoka sura ya 22 na Kumbukumbu sura ya 23. Tunawaheshimu. Lakini katika mfano wa talanta, Matayo 25, bwana anamkaripia mtumishi kwa sababu hakuiweka feza kwa wale ambao wangeizalisha. Zile sheria za kale, tukizisoma pamoja, zinamtazama hasa ndugu maskini anayekopa ili aishi. Mtu anayekopa ili anunue mtumbwi wa pili, na anayekopa kwa sababu ya matanga, hawakopi kitu kimoja.

Basi hatusemi kwamba banki ilikosa kwa kuomba kitu. Tunauliza kipimo chake.

Paundi 6, siku nne, malipo paundi 35. Yule wa Banki Lambert anaongeza nusu ya deni kwa mwezi, nasi tunamwita mnyonyaji. Hapa malipo yalikaribia kuwa mara sita ya deni lenyewe kabla hata juma moja halijaisha. Wengine watasema: ni gharama ya kazi, kuna barua, kuna makarani. Tungekubali kama mambo ya baadaye yasingekuja kuonyesha vingine. Mnamo Aprili 2020, wasimamizi wa mambo ya feza katika Uingereza walikataza malipo hayo ya jumla. Banki ziliamriwa kutoza riba tu, inayohesabiwa kwa mwaka. Banki nyingi zilichagua riba ya karibu 40 kwa 100. Hiyo si riba ndogo, na watu waliokuwa na ruhusa ya dekuveri kwa bei nafuu waliona yao ikipanda sana. Hilo lazima lisemwe. Lakini fanyeni hesabu: kwa riba hiyo ya 40, paundi 6 kwa siku nne zinazaa chini ya pensi 3. Pensi 100 ndizo zinazofanya paundi 1. Banki zile zinaendelea kufungua milango yao kila asubuhi. Basi kile kilichokuwa kati ya pensi 3 na paundi 35, mwaka ule wa 2008, kilikuwa malipo ya kazi gani?

Swali hilo halikuulizwa na kijana wetu peke yake. Waingereza wengi walienda mahakamani kudai feza yao, mpaka ofisi ya serikali iliyosimamia biashara ya haki ikashitaki banki saba na chama kimoja kikubwa cha akiba. Tarehe 25 Novemba 2009 Mahakama Kuu ya juu kabisa ilitoa hukumu: malipo yale ni sehemu ya bei ambayo mteja analipa kwa huduma zote anazopata, na sheria ile haikuipa ofisi ruhusa ya kupima kama bei inalingana na huduma. Majaji wenyewe walieleza kwamba hawakuwa wanaamua kama malipo ni ya haki ama si ya haki. Banki zilishinda, na wengi walirudi nyumbani wakifikiri kwamba mahakama imesema ni haki. Haikusema hivyo.

Neno hili la bei limetushughulisha sana. Mama anayekwenda sokoni anauliza bei kabla ya kushika kitu. Ikimkataa, anaenda kwa jirani, na yule wa kwanza akiona watu wanampita, anapunguza. Hivyo bei inapata adabu yake. Lakini bei ya kuanguka haiulizwi na mtu yeyote. Hakuna anayechagua banki akisema moyoni: siku nitakapopungukiwa paundi 6, hawa watanitoza kidogo kuliko wale. Anachagua akitumaini kwamba siku ile haitakuja. Karatasi inayoeleza bei hiyo ameipewa, ndiyo, pamoja na karatasi nyingine nyingi, siku ya furaha ya kufungua konti. Sahihi yake ipo. Lakini je, sahihi ya mtu anayetumaini hataanguka ni sahihi ya kukubali kuangushwa?

Tena kuna jambo lililosikika katika kesi ile ambalo lingetakiwa kusomwa katika makanisa. Katika kile chote ambacho banki zile zilipata kutoka konti za watu binafsi, zaidi ya sehemu 30 katika 100 zilitoka kwenye malipo ya namna hii. Na mtu asiyepungukiwa hata siku moja hakulipa kitu kwa konti yake: kadi bure, hesabu bure, karani bure. Miaka ya baadaye wasimamizi walichunguza zaidi, wakaona kwamba katika mwaka 2016 zaidi ya nusu ya malipo ya dekuveri isiyo na ruhusa ililipwa na mteja 1 na nusu katika kila wateja 100, na kwamba wakaaji wa mitaa maskini ndio waliopigwa zaidi. Semeni polepole hesabu hiyo. Taa, viti na mishahara ya mahali pale vilichangiwa na yule aliyekuwa na shida, ili yule asiye na shida ahudumiwe bure.

Kuna ubaya mwingine uliozidi huo, nao ulionekana Marekani. Huko malipo ya dekuveri yalikuwa mara nyingi dola 35 kwa kila mara. Fikirini mtu mwenye dola 100 katika konti. Kwa siku moja ananunua vitu vya dola 10, vya 20 na vya 30, kisha jioni analipa deni la dola 90. Kama banki ikiandika kwa utaratibu huo, tatu za kwanza zinapita vizuri, ya nne peke yake inapita mpaka: malipo ya dekuveri mara moja. Lakini banki ikianza na kubwa, inatoa 90 kwanza, zinabaki 10. Kisha 30 inapita mpaka, na 20, na 10. Malipo mara tatu. Mtu ni yule yule, siku ni ile ile, deni mwishoni ni lile lile la dola 50. Kilichobadilika ni mkono unaoandika. Mwaka 2010, huko San Francisco, jaji William Alsup aliamuru banki moja kubwa, Wells Fargo, irudishe kiasi cha dola milioni 203 kwa wateja wake wa California kwa sababu ya kupanga hesabu hivyo, na baada ya rufaa za miaka mingi amri ile ilisimama.

Hapo ndipo tulipofikia jibu letu kwa kijana, tukiwa tumezungushwa na hesabu nyingi. Tungemwomba asiulize tu kiasi. Aulize: huyu aliyenikopesha, akilala usiku, anaomba nini? Kuna mkopeshaji anayeomba nilipe; akiona nimechelewa anahuzunika, kwani feza yake iko hatarini. Malipo anayoniongezea ni kwa ajili ya hatari yake, nayo yana haki. Kuna mwingine anayeomba nichelewe, maana kuchelewa kwangu ndiko shamba lake. Huyu wa pili hata akitoza kidogo ametoka katika haki, kwa sababu amejijengea nyumba ambayo haisimami mimi nisipoanguka. Yule aliyeanza na dola 90 alikuwa na maombi gani usiku?

Huko Marekani mambo hayajatulia. Mwaka 2022 banki kadhaa kubwa zilipunguza malipo yao zenyewe, moja kutoka dola 35 hadi 10, nyingine zikayafuta kabisa. Desemba 2024 wasimamizi walitoa kanuni ya kuzishusha banki kubwa hadi dola 5. Mei 2025 kanuni hiyo ilifutwa kabla haijaanza kufanya kazi.

Tungeweza kuishia hapa, tukiwa tumewahukumu watu wa mbali ambao hawatasoma bulletini hii. Lakini jioni moja, tulipokuwa tukiandika ile sehemu ya wachache wanaolipia wengi, mmoja wetu alinyamaza, akaenda kuchukua daftari la likelemba ya wamama.

Wote mnaijua likelemba yetu. Kila Jumapili baada ya ibada kila mama anatoa franka 5,000 katika sanduku, Desemba zinagawanywa. Atakayekosa Jumapili anatoa amande, yaani faini, ya franka 2,000. Amande hazigawanywi: zinanunua mbuzi, mchele na vinywaji vya sikukuu ya mwisho wa mwaka. Sisi tunaoshika daftari ndio tuliotunga sheria hii, na tulijisifu nayo. Mwaka uliopita ziliandikwa amande 80, yaani franka 160,000. Mbuzi alikuwa mnono.

Tulifanya hesabu ambayo hatukuwahi kuifanya. Katika amande 80, 56 zilitoka kwa wamama wanne. Wamama 27 waliobaki waligawana 24. Kati ya wale wanne, watatu wanauza ndakala. Tukatazama tarehe, na mara tukaona kile ambacho mtoto yeyote wa ziwa angekiona. Juma la mwezi mkubwa wavuvi hawatoki, kwani taa zao haziwezi kuvuta samaki pale ambapo mbingu yote inaangaza. Mitumbwi inakaa mchangani, watu wanashona nyavu. Katika juma hilo hakuna ndakala, na mama wa ndakala hana franka 5,000. Mwezi unarudi kila mwezi, naye anaandikwa kila mwezi. Daftari letu lilikuwa linamtoza mtu faini kwa sababu ya mwezi wa mbinguni.

Tena tulikumbuka sikukuu yenyewe. Katika wale wanne, wawili hawakuja. Mmoja alisema ana homa. Tulimpelekea sahani ya nyama, tukajiona watu wema.

Sasa tuulize lile swali letu la usiku. Je, sisi tuliomba wamama wachelewe? La, hatukuomba. Lakini mwezi wa kumi na moja, katibu aliposoma kwamba amande zimefika za mbuzi mzima, tulipiga makofi. Tunakumbuka makofi hayo. Yalikuwa makofi kwa ajili ya nini?

Nehemia, katika sura ya 5, anasimulia jinsi watu walivyomlilia kwa sababu mashamba yao na watoto wao vimechukuliwa na wakopeshaji wa kabila lao wenyewe. Tulikuwa tumeisoma sura hiyo mara nyingi tukimwona Nehemia amesimama upande wa pili, akiwakemea wakubwa. Safari hii tuliona mstari wa 10, ambamo anakiri kwamba yeye mwenyewe na ndugu zake wanawakopesha watu feza na nafaka. Alikuwa ndani ya daftari.

Kwa hiyo, mwanetu wa London, hukuiba paundi 6. Ulikopa, na ulirudisha siku ya nne. Banki yako ilikuwa na haki ya pensi zake, na hata ya bei ya barua moja. Zile nyingine zilizobaki ulizilipia jirani yako aliyekuwa na konti ya bure, naye hakujua, kama vile sisi hatukujua wakati wa kula mbuzi. Sheria ya inchi yako ilikubali mwaka 2009, ikakataa mwaka 2020, na haki ilikuwa ile ile katika miaka yote miwili. Kuhusu feza yako, hatuna tumaini la kukupa. Mwambie binti yako asome karatasi ya bei ya kuanguka kabla ya ile ya kadi nzuri, na mahali wanapomwuliza kama anataka kupita mpaka, aandike hapana mpaka atakapojua vema. Na juu ya kravati, umesema kweli. Lakini ujue kwamba hata kitambaa cha kichwani cha likelemba kinaweza kufanya kazi ile ile.

Jumapili iliyopita tulisoma hesabu hii mbele ya wamama wote, bila kutaja majina, ingawa kila mtu aliyajua. Palikuwa na kelele. Wengine walisema, na hoja yao si ndogo, kwamba mwaka wa kwanza hapakuwa na amande, kila mtu alileta alipotaka, na likelemba ilikaribia kuvunjika. Ukiondoa amande, walisema, wewe mwenye bidii ndiwe utakayembeba mvivu. Mwingine alipendekeza amande ipungue hadi franka 500 na iwekwe kando kwa ajili ya wagonjwa, isinunue hata chupa moja ya soda. Papa mmoja wa halmashauri alitaka wale wanne wasamehewe. Hapo mama mmoja wa ndakala akasimama. Alisema haombi kusamehewa, kwani hakukosa. Anaomba tarehe zibadilishwe, atoe 10,000 Jumapili inayofuata baada ya mitumbwi kurudi ziwani, na hapo akikosa aandikwe kama wengine.

Hatukumaliza. Kikao kitarudi Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada, chini ya mwembe. Feza ya amande ya mwaka huu bado imo katika sanduku, na mbuzi hajanunuliwa.